Mikono Mitupu ya Trekta

Mume wa dada yangu ni mtu wa hovyo. Nalisema mapema ili mtu asije akamwonea huruma huko mbele. Asubuhi moja ya kawaida kabisa aliniita nimtazamie trekta lake, na kabla sijafungua boksi la spana akaanza kubwabwaja. Eti akinyanyua plau na kuzima injini, plau inashuka yenyewe. Eti majirani wamemroga.

"Nani apoteze uchawi wake kwako, shemeji?" nikamwambia. "Sili zimekufa, zile raba za kuzuia mafuta. Mafuta yanavuja ndani."

Kulijua hilo hakuhitaji mganga. Nilinyanyua plau, nikazima injini, nikapiga chaki kwenye bodi ya trekta, usawa wa ile mikono ya nyuma inayoibeba, tukasubiri. Ikashuka taratibu. Nikafungua, nikaweka sili mpya, nikasafisha valvu, nikajaribu tena. Ikashuka vilevile.

Hapo nilikasirika. Nikaivua plau kabisa, nikainyanyua mikono, nikazima injini. Mikono mitupu, sili mpya: ilipaswa kukaa pale hadi jioni.

Ikashuka. Si taratibu. Ilishuka mara moja, ikanesa, ikatulia, kama kiti kilichopata mtu.

Shemeji alikuwa ameshika ukuta.

"Amekaa," akanong'ona.

"Nani?"

"Mdogo wangu. Alipenda kupanda hapo nikilima."

Mdogo wake, wote tuliambiwa, alikwenda kutafuta kazi mbali. Mama yao mpaka leo humwekea chakula, sahani kaifunika. Nikamuuliza shemeji mdogo wake alianguka wapi. Akaonyesha shamba kwa kidevu. Siku hiyo alipogeuka nyuma alimkuta ameshakufa chini ya plau. Akaogopa. Akamfukia, akalima juu yake, akapanda mahindi. Mahindi hayo tumeyala.

"Mwambie mama yako. Leo hii."

"Mama ana presha, shemeji."

Presha! Mtu mzima anajificha nyuma ya ugonjwa wa mama yake. Nilimtazama kama ninavyotazama mafuta machafu.

"Nyumba yake ile pale. Twende."

"Siendi."

Mikono ya trekta ikapanda.

Injini imezimwa. Ufunguo uko mfukoni mwangu. Ilipanda hadi kwenye chaki, ikasimama, haikutikisika tena. Aliyekuwa amekaa alikuwa ameshuka.

Sikuona mtu. Nilimwona shemeji akiyumba, bega lake la kushoto likainama.

Dada anasema ni msuli umeshtuka. Mimi ni fundi, siendi kwa maneno. Nilimsimamisha kwenye mwimo wa mlango, nikapiga chaki usawa wa bega lile. Kila nikipita namsimamisha tena, na kila mara bega limeshuka. Nikimuuliza kama amemwambia mama yake, ananitajia presha. Basi, mzigo ni wake, autue mwenyewe.

Jana ile chaki ya mlangoni ilikuwa usawa wa sikio lake.