Nani Aliosha Sponji ya Samaki wa Mzee?

"Huyu msichana ameua samaki wa Baba siku ya wageni. Na bado mnataka aolewe hapa?"

Aliyesema hivyo ni Chepkemoi, dada mkubwa wa mchumba wangu. Alisema mbele ya wajomba zangu, vikombe vya chai vikiwa bado mikononi.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti kando ya tangi, mkono umezama majini hadi kiwiko, nguo yangu mpya imelowa.

Na Kiplimo, mwanamume aliyenivisha pete...

Kiplimo alikuwa anaangalia simu.

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo, halafu mniambie kama nilikosea.

Naitwa Jemutai. Nilisomea ufugaji wa samaki chuo kikuu pale Njoro. Ndiyo, samaki. Chekeni mmalize. Hata mamangu huwaambia watu nilisomea "sayansi" halafu anabadilisha mada.

Babake Kiplimo, Mzee Jonah, alilima ngano Mau Narok maisha yake yote, mpaka stroke ikamwangusha. Wanawe wakamleta kwao Kiamunyi, Nakuru mjini, wakamketisha sebuleni mbele ya TV. Maneno yalimtoka kabisa. Mkono wa kushoto tu ndio uliobaki ukimtii.

Kila nikienda kuwasalimia nilimkuta hivyo, macho kwa TV, lakini haangalii.

Nikasema moyoni, huyu mzee nitamletea kitu kilicho hai.

Nikamjengea tangi la samaki.

Lakini tangi jipya haliwekwi samaki siku hiyo hiyo. Uchafu wa samaki hugeuka sumu ndani ya maji, sumu isiyo na rangi wala harufu. Kinachoila sumu hiyo ni vijidudu vizuri vinavyoishi kwenye sponji ya kichujio. Tangi jipya halina vijidudu hivyo.

Nilimweleza Kiplimo kwa mfano wa kwetu. Nikamwambia ni kama kibuyu kipya cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Mama hakitoi shambani leo akakimiminia maziwa leo. Kwanza kitayarishwe.

Kwa hivyo tangi lilikaa wiki kadhaa na maji bila samaki. Chepkemoi alikuwa akipita hapo ananiuliza, "Jemutai, hii ni TV ya maji? Mbona haina picha?"

Nikatoa sponji kuukuu kwenye tangi langu la Njoro, ninakoishi, nikaipachika kwenye kichujio chao. Ilikuwa ya kahawia, inateleza, inatia kinyaa. Na ndiyo iliyokuwa roho ya lile tangi.

Kufungua kichujio kile nilimfundisha mtu mmoja tu. Kiplimo.

"Usiioshe," nilimwambia. "Hata ukiionea aibu, usiioshe."

Samaki walipoingia, Mzee aliweka kidole kwenye kioo. Mmoja wa rangi ya chungwa, mwenye doa jeusi kichwani, akakifuata kile kidole. Mzee akakisogeza. Samaki akasogea.

Mzee akacheka.

Mamake Kiplimo aliacha sufuria jikoni akaja kusimama mlangoni, akalia bila kujificha.

Siku hiyo niliamini nimepata nyumba.

Kisha ikafika siku ya wajomba zangu kuja kuona boma nitakaloolewa. Nyumba ilikuwa imepigwa deki mpaka ukuta unang'aa. Tulipoingia, macho yangu yalienda moja kwa moja kwa tangi.

Samaki walikuwa juu kabisa, vinywa nje ya maji, wanatafuta hewa. Wengine walikuwa wamelala chini na hawakuamka tena.

Kila mtu akawa daktari. Shangazi yao akasema ni jicho la wageni. Mwingine akasema ni baridi. Mwingine akalaumu haya maji yetu ya Nakuru, kwamba kama yanapaka watu meno rangi, samaki ni nani.

Nikawaangalia mmoja mmoja. Hawakuwa na madoa meupe wala vidonda, na mapezi yalikuwa mazima. Ugonjwa wa kuambukiza haukuwa hapo. Lakini matamvua yao, pale wanapopumulia, yalikuwa mekundu kama yameunguzwa.

Nikachota maji kwenye kichupa, nikatia matone ya kupimia. Yangebaki manjano, tungekuwa salama.

Yakageuka kijani, kama maji ya sukuma wiki iliyochemka.

Ile sumu.

Hapo ndipo Chepkemoi alisema maneno yale niliyoanza nayo. Sikumjibu. Nilifungua kichujio.

Sponji ilikuwa nyeupe. Nyeupe kama shati la shule Jumatatu asubuhi.

Nikamtazama Kiplimo. Yeye akatazama simu.

Nilimfuata jikoni. Alikuwa ameegemea friji.

"Uliiosha."

"Na maji moto tu. Ilikuwa chafu, Jemu. Wageni wanakuja."

"Basi twende uwaambie."

Akanishika bega kama mtu anayebembeleza mtoto.

"Beba tu hii. Wewe bado ni mgeni, watasahau. Mimi Baba akijua, atanionaje?"

Jamani... nilirudi sebuleni nikiwa bado natafuta njia ya kumsamehe.

Kisha nikasikia. Ko, ko, ko.

Mzee Jonah alikuwa anagonga mkono wa kiti chake cha magurudumu. Wakaniambia amekuwa akigonga kioo tangu juzi, ni ugonjwa, ndiyo maana wamemsogeza mbali na tangi.

Tangu juzi. Mzee alikuwa anaita, na wao wakamsogeza mbali!

Nikapiga magoti mbele yake. "Mzee, uliona aliyefungua hapa?"

Mkono wa kushoto ukainuka polepole. Ukaelekea mlango wa jikoni, alikosimama Kiplimo.

Macho yote yakageukia mlango ule.

"Baba anataka maji," Chepkemoi akasema.

Neno moja tu la Kiplimo lingetosha. Nilimtazama. Babake alimtazama.

"Baba amechoka," akasema. "Tangu augue anaona vitu. Mpelekeni alale."

Wakamsukuma kitini mpaka chumbani, mkono bado uko juu.

Kunisingizia mimi ningemeza. Lakini kumwita babake mwendawazimu ili kuficha sponji?

Mjomba wangu Kibii akaweka kikombe chake mezani, kimejaa. Kwetu hilo ni jibu: hakuna ndoa.

Niliacha pete juu ya mfuniko wa tangi. Samaki waliokuwa hai niliwatia kwenye ndoo nikarudi nao Njoro. Yule mwenye doa jeusi alikuwa mmoja wao.

Baadaye Chepkemoi akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ndogo. Mzee amekataa chakula, anagonga kioo cha tangi tupu. Niwarudishe samaki, tafadhali.

Nikamuuliza kwa nini yeye, aliyenitukana mbele ya wajomba zangu, ndiye anapiga.

Nikasikia akifunga mlango huko aliko.

"Nilikuwa najua, Jemutai," akasema. "Maji ya kuoshea ile sponji ni mimi niliyachemsha."

Kumbe wote wawili walijua. Na aliyechemsha maji ndiye aliyepiga kelele zaidi.

Nilirudi. Nilipeleka samaki na sponji nyingine chafu. Kiplimo alinifungulia mlango, akataka kunipokea ndoo, akaanza kuomba tuongee. Nilimpita. Nilikuwa nimekuja kwa Mzee.

Mzee aliweka kidole kwenye kioo. Mwenye doa jeusi akaja.

Sasa majirani wanasema naenda pale kila Jumapili kutafuta bwana. Waache waseme.

Dada yangu unayesoma hapa, sumu inayoua haina rangi wala harufu, na kwenye nyumba za watu inaitwa kunyamaza. Kabla hujakubali pete, usipime anavyokupenda mkiwa wawili. Pima anavyonyamaza mkiwa wengi.

Ile sponji bado ni chafu. Siku hizi, mtu akiikaribia, Mzee anagonga, na nyumba nzima inasimama kumsikiliza.