Taja Mzigo

Jumatano ile jua lilikuwa linazama, na Fundi alikuwa anarudi nyumbani na jora la kitambaa cha bluu kichwani. Mtaa mzima ulimwita Fundi, basi, isipokuwa mdogo wake wa kike, ambaye alimwita Bi Wasiwasi, na wala hakumwonea. Maana huyu dada, jamani! Akifunga mlango, anarudi kuangalia kama kaufunga. Akizima jiko, anarudi kuligusa. Akitaka kukata kitambaa anapima mara tatu, na bado mkasi unamtetemeka mkononi.

Siku hiyo alikuwa na sababu. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa amempa kazi ya sare sitini. Sitini! Na shule inafunguliwa Jumatatu asubuhi. Hajawahi kupata kazi kubwa namna hiyo tangu mama yake amwachie cherehani, na tangu aipate, chakula hakipiti na usingizi hauji. Kila akikaa kushona roho iko juu. Je, nikikosea vipimo? Je, kitambaa kisipotosha? Saa nzima inaishia kufumua alichoshona saa iliyopita.

Lakini tuseme kweli. Wasiwasi wake mkubwa haukuwa wa sare. Ulikuwa wa mama yake.

Mama alikuwa na pumu. Alilala chumba cha ndani, nyuma ya ukuta ule ule ulioegemewa na cherehani. Vidole vyake, vilivyowahi kushona nusu ya nguo za mtaa, vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi hata haviwezi kubonyeza kile kikopo cha dawa ya kuvuta. Na kifua kikimbana, sauti haitoki. Kwa hiyo alikuwa akivaa kastabini yake ya zamani, kile kikofia cha chuma alichosukumia sindano enzi zake, na akihitaji dawa anagonga ukuta.

Ko. Ko.

Hapo Fundi anaacha kila kitu. Mara nyingi hakungoja hata kugongewa. Mara kumi kwa jioni moja anasimama, anachungulia, "Mama, uko sawa?" Mama anacheka, "Bado sijafa, nenda kashone." Daktari alikuwa amesema wazi: kifua kikibana, kuna dakika chache tu za kumbonyezea dawa. Zikipita, zimepita.

Basi alifika kwenye kichochoro cha nyuma ya maghala. Taa za barabarani zilikuwa bado hazijawaka. Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza... mafuta ya cherehani. Na nguo iliyoungua kwa pasi.

"Nikupokee, mwanangu?"

Alikuwa mwanamke wa makamo, kasimama kando ya ukuta, mpole wa sauti. Kwa mazoea ya kazi Fundi alitazama gauni lake kabla ya uso. Gauni halikuwa na mshono. Begani hakuna, ubavuni hakuna, hata pindoni hakuna.

Sasa, mtu akikukuta na mzigo akakuambia nikupokee, wewe unajibu nini? Nani anauliza unipokee nini? Mzigo si uko kichwani, unaonekana?

"Nipokee tu, mama," alisema Fundi.

Mkono wa yule mwanamke haukwenda kwenye jora. Ulikwenda kifuani. Kiganja kilikuwa baridi kama mkasi wa asubuhi.

"Eeh... mzito huu," alinong'ona. "Na wenzako wanautupa bure, wanaulilia tu. Mimi nitaugeuza uwe nguvu. Utaukanyagia cherehani."

"Mzigo gani, mama?"

"Ukiutaka tena, njoo hapa uniambie nikurudishie. Kazi njema."

Fundi alipopepesa macho, kichochoro kilikuwa kitupu. Jora lilikuwa bado kichwani. Lakini kifua! Kilikuwa chepesi, kama mtu aliyevua viatu vilivyombana kutwa nzima.

Jioni ile alishona sare tisa. Mkasi haukutetemeka. Kila alipokumbuka Jumatatu, badala ya tumbo kumkata, miguu ilizidi kukanyaga, na uzi ukanyooka wenyewe. Mishono ilitoka midogo, imepangana, huwezi kuamini ni ya mkono wa mtu. Alikuwa anaimba. Huyu, Bi Wasiwasi, anaimba!

Asubuhi alimpelekea mama yake chai.

"Jana hukuja kunichungulia hata mara moja," mama alisema.

"Kazi ilinibana, mama. Si uko mzima?"

Mama alimtazama. Alimtazama mpaka chai ikaacha kutoa mvuke.

"Nani kakupokea?"

Fundi akamweleza yote, anacheka cheka. Mama hakucheka.

"Ulimwambia akupokee nini?"

"Sikusema. Nilisema nipokee tu."

"Yaarabi... Unataja mzigo, mwanangu. Siku zote unataja mzigo! Sema nipokee kapu, nipokee jora." Alivuta pumzi kwa shida, kisha akanong'ona, "Kabla yako nilikuwa na mtoto. Hilo unalijua. Hujui alikufaje. Wiki ile nilikuwa na magauni ishirini ya harusi moja, na nilikuwa nakufa kwa hofu, na mtu akanipokea. Nilishona, mwanangu, nilishona hata wenzangu wakaja kutazama. Mtoto alikuwa anatambaa uani, penye beseni la maji. Nikamsikia anatumbukia. Sikiliza vizuri. Nilimsikia. Nikasema, acha nimalizie pindo hili."

Machozi yalimtoka Fundi. Alimwonea mama yake huruma kwelikweli. Ila hofu... aliitafuta, hakuiona. Ni sawa na kupapasa mfuko ukakuta umetoboka.

"Nenda akurudishie. Leo hii," mama alisema.

"Nitakwenda, mama. Nikimaliza sare tu."

Mama alifumba macho. "Mimi nilisema hivyo hivyo. Basi niitie mdogo wako."

"Anakuja Jumapili. Mbona karibu."

Ijumaa ukuta uligongwa. Fundi alikuwa katikati ya mshono wa bega. Akaumaliza, akakata uzi, akaenda. Alimkuta mama kajikunja kitandani, midomo imeanza kuwa rangi ya kitambaa cha sare. Akambonyezea dawa mara mbili. Pumzi ikarudi taratibu, ikikwaruza.

"Umechelewa," mama alisema alipoweza kusema.

"Kidogo tu, mama."

Mama hakumgombeza. Alimpapasa shavu kwa ile kastabini ya chuma, akasema, "Maskini mwanangu," utadhani mgonjwa ni yeye Fundi.

Ikafika Jumamosi, jua linaelekea kuzama. Sare hamsini na tisa zimekunjwa mezani. Ya sitini iko chini ya sindano, imebaki pindo na vifungo.

Ko. Ko.

"Nakuja, mama."

Na alimaanisha. Wallahi alimaanisha, asije mtu akasema hakumpenda mama yake. Alisikia vizuri, alielewa vizuri, alijua dawa iko wapi. Kilichokosekana ni kile kitu kinachomwinua mtu kutoka kwenye kiti.

Ko. Ko. Ko.

"Namalizia pindo, mama."

Cherehani ikakimbia. Harufu ya nguo iliyoungua ikajaa chumbani, na pasi ilikuwa haijawashwa.

Ko... ko...

Kifungo cha kwanza. Cha pili. Cha tatu.

Ko.

Cha nne. Cha tano.

Kimya.

"Kalala," alijisemea Fundi. Akaipiga pasi sare ya sitini, akaikunja, akaiweka juu ya nyingine. Zilikuwa nzuri mno. Kisha akachukua kikopo cha dawa, akaenda chumba cha ndani.

Mama alikuwa kaegemea ukuta, macho wazi. Mkono ulikuwa bado juu, umekwama kati ya kitanda na ukuta, na chokaa ilikuwa imebanduka pale kastabini ilipogonga. Palikuwa na vishimo vingi. Fundi alihesabu mpaka kumi na tisa, akaacha.

Aliushusha ule mkono. Alimfumba mama macho. Alikuwa na huzuni, ndiyo, huzuni nzito iliyotulia tuli, na mikono haikumtetemeka. Hapo ndipo alipofahamu. Mtu gani anamfumba mama yake macho na mikono haitetemeki?

Akatoka hivyo hivyo, pekupeku, mpaka kwenye kichochoro.

"Nirudishie."

"Umemaliza kazi?" sauti ikauliza kutoka ukutani.

"Nimemaliza. Nirudishie."

"Wote?"

"Wote, mama. Wote."

Kiganja kikagusa kifua. Na wasiwasi wa siku nne, ambao haukuwa umekwenda popote, uliokuwa unangoja tu, ukamwingia kwa mpigo mmoja. Fundi akapiga magoti. Moyo ukamwenda mbio, jasho likamtoka, masikio yakavuma ko ko ko, na kitu kikamnyanyua pale chini kama aliyechomwa sindano.

Akakimbia.

"Mama! Nakuja, mama! Nakuja!"

Majirani walitoka nje kumtazama. Alimwaga zile sare akipita, akarukia kitandani, akamweka mama kifuani, akatia kikopo midomoni akabonyeza. Akabonyeza. Akabonyeza mpaka dawa ikaisha, na bado walipokuja kumtoa alikuwa anabonyeza kikopo kitupu, anawaambia nyamazeni, nimesikia anagonga.

Jumatatu sare zilikwenda shuleni. Mwalimu mkuu alipitisha kidole kwenye mishono, akasema hajaona kazi kama hiyo maishani mwake. Mpaka leo anasimulia, na kazi zinazidi kuja. Fundi anazifanya, polepole, mkasi ukimtetemeka, akifumua na kushona upya. Mtu akimkuta njiani na mzigo akamwambia nikupokee, anaukumbatia na kuvuka barabara.

Baada ya arobaini mdogo wake alimbembeleza ahame.

"Dada, njoo tukae kwangu. Hapa huna mtu wa kumwangalia tena."

Fundi alikuwa kwenye cherehani. Akainua mguu kwenye kikanyagio, akainamisha kichwa upande wa ukuta. Mdogo wake naye akasikiliza. Anaapa hakusikia kitu... ila harufu hiyo ya nguo iliyoungua hakuipenda hata kidogo.

"Nikihama," Fundi alisema, na tayari alikuwa amesimama, kikopo mkononi, "akigonga nani atamwitikia?"

Akaenda kuchungulia. Ilikuwa mara ya saba jioni ile.