Kikosi Kisichorudi Nyuma

"Nani kapita hapa pekupeku?" Ilinca aliuliza. Nyayo za maji zilitapakaa kwenye sakafu ya ukumbi wa kambi aliyotoka kuipiga deki, na hakuna hata mmoja uliokuwa na vidole.

Kanali Vornicu hakutazama chini. Wakubwa wa namna yake hawatazami chini. Alikuwa na sherehe ya kikosi chake cha askari wa milimani, na hotuba yenye sifa nzito kuliko mizinga. Katika milima ya Karpati hata mtoto anajua kwamba aliyekufa bila mshumaa mkononi hutangatanga gizani mpaka ndugu amwashie na kumtaja jina. Kanali, kwa kuhofia nta idondokee zulia lake jipya la jukwaani, aliwanunulia wafu wa kikosi mishumaa ya betri.

"Ya betri, Kanali? Wafu waje na chaja?"

"Binti, shika dekio lako."

Toader, mdogo wake Ilinca, akacheka kwenye mstari wa askari. Wiki ile ile alikuwa apelekwe vitani ng'ambo, naye alijiona simba.

Kanali akaanza kusoma. "Vita vya kwanza, tulishinda. Vya pili, hatukurudi nyuma hata unyayo!"

Hapo ikaingia harufu ya sufu iliyolowa na nyama iliyooza, mishumaa ya betri ikafifia mmoja baada ya mwingine, na nje koridoni zikasikika kwato za nyumbu wa mizigo wakipanda taratibu, wakihema, wakiteleza, ilhali nyumbu wa mwisho wa kambi aliuzwa kabla Ilinca hajazaliwa.

"Dada," Toader alinong'ona, "kuna mtu kanishika mkono."

"Nani?"

"Simwoni. Wa baridi. Anaomba moto."

Vidole vya Toader vilikuwa vinageuka vyeusi kama viazi vilivyogandishwa na jalidi, na ulikuwa mwezi wa sita, kilele cha joto huko.

Ilinca akatoa mshumaa wa nta aliouficha kwenye aproni, akauwasha. "Babu Gavril! Vita hivyo vya pili hukushinda chochote. Ulikimbia na wenzako kwenye theluji ya Kaukazi, wakubwa wakiwa ndani ya magari, ukaganda njiani. Huu ni wako. Shika, mwachie mtoto wetu!"

Mwali ukalala upande, kama unaobebwa na mtu anayeondoka. Mkono wa Toader ukaachiwa.

"Nani kakuruhusu moto humu?" Kanali alifoka, midomo imemgeuka bluu kwa baridi, kisha akaendelea na vita vya tatu. Mbele yake, mstari mzima wa vijana ulikuwa ukisugua mikono, kila mmoja akigeuka kutazama ubavuni mwake pasipo na mtu. Majina ya wafu hao wengine Ilinca hakuyajua.

Toader alikatwa vidole viwili, akabaki nyumbani. Wenzake walipelekwa hivyo hivyo, mikono ikiwauma, kwa ngoma na maua.

Kikosi kinaandikisha tena. Kama mdogo wako amekwishafunga begi, tafadhali, simama mlangoni, usimpishe.