Mlango wa Tangi Namba Mbili

Kugonga kulianza Jumatatu saa nne asubuhi, wafanyakazi wakiwa kwenye chai. Mara tatu, taratibu, kama mgeni mwenye adabu. Kulitoka ndani ya tangi la molasi namba mbili, tangi tupu lililofungwa kwa kufuli tangu Fundi Kimya atolewe humo amekufa. Mpishi wa chai alisema ni chuma kinatanuka kwa jua. Siku hiyo hapakuwa na jua.

Afisa usalama wa kiwanda hicho cha sukari, ambaye mafundi walimwita Bi Kofia kwa jinsi alivyowaandama wavae kofia ngumu, aliweka kikombe chini. Alijua panapogongwa. Ni ubavuni mwa tangi, karibu na sakafu, pale ambapo fomu ilisema pana mlango wa pili wa dharura.

Mlango huo haukuwepo, na haujawahi kuwepo.

Zamani Bi Kofia hakuwa akijaza fomu ya hatari za kazi kabla hajalizunguka tangi kwa miguu yake pamoja na fundi atakayeingia, wakibishana kila kona. Meneja akaona huko ni kupoteza muda. Akamwambia atumie programu ya akili mnemba: unaitajia kazi, inakuandikia hatari zote na namna ya kujikinga, dakika moja tu. Na kweli iliandika, tena vizuri kumshinda. Ilitaja gesi, utelezi, giza, na katika kifungu cha sita ikaweka mlango wa pili, ikiutoa kusikojulikana. Bi Kofia alikuwa na fomu nyingine kumi na tisa mezani. Akatia saini. Meneja naye akatia yake, na kwa kuwa mlango wa pili upo, akamwondoa mtu wa kushika kamba ya uokozi juu ya tangi, akampeleka kupakia magari. Gesi ilipopanda na tochi ikaanguka, Fundi Kimya, aliyekuwa ndani akilisafisha tangi, hakuitafuta ngazi. Aliufuata mlango alioahidiwa. Walimkuta amelala ubavuni mwa tangi kwa ndani, kucha zimekatika.

Sasa meneja alitaka saini nyingine. Taarifa ya ajali, iliyoandikwa na programu ileile, ilisema marehemu alijiponza kwa uzembe, kwa kutotumia mlango wa dharura. Ijumaa mkewe angeitwa asomewe, watoto wakiwa wamekaa kando yake. Meneja alimkumbusha Bi Kofia kwamba afisa usalama hupatikana kila mtaa. Bi Kofia aliirudisha karatasi mezani kwa meneja bila kuitia saini. Alimchukia yule bwana na alijichukia mwenyewe, na hakujua ni chuki ipi iliyozidi.

Jumanne alijaribu kuirekebisha taarifa hiyo. Aliiambia programu kwamba mlango haupo. Ikaomba radhi, ikamshukuru kwa kuisahihisha, ikaandika upya, na mlango ukawa palepale. Akarudia mara tano. Mara ya tano chumba kizima kilinuka molasi iliyochacha, na huko nje kugonga kukaanza tena, kwa haraka.

Jumatano hakuna fundi aliyekubali kusogelea tangi, kwa hiyo meneja akamleta mtaalamu wa majini, mzee mwenye kanzu iliyofuliwa ikapauka. Mzee alifukiza ubani, akasoma alichosoma, na kadiri alivyosoma ndivyo kugonga kulivyozidi, kutoka mara tatu hadi kumi hadi zisizohesabika, kufuli likicheza lenyewe, harufu ikiwaingia watu kooni, na katikati ya vishindo ikasikika sauti ya kitu kinachopapasa chuma kwa ndani, kinakwenda, kinarudi, kinaanza upya. Mzee akauzima ubani kwa kiatu.

"Huyu si jini wa kufukuzwa," alisema kwa sauti ya chini. "Ni mtu anatafuta mlango. Nani alimwambia upo?"

"Mimi," alisema Bi Kofia.

"Basi mwambie, mwanangu."

Alisogea akaweka kiganja kwenye chuma. Vishindo vilimpiga mkononi.

"Kaka, mlango haupo," alisema. "Niliuandika bila kuja kuona. Hukuzembea. Nilizembea mimi."

Vishindo vikakoma. Mafundi walivua kofia zao, na kwa mara ya kwanza hakuwakaripia. Mzee akamuuliza fomu ilikuwa na saini ngapi. Mbili, alijibu. Mzee akageuka kumtafuta meneja, lakini meneja alikwisha kupanda ofisini kwake, akisema hana muda wa michezo.

Bi Kofia aliandika taarifa kwa mkono, ukurasa mmoja, ukweli mtupu, akatia saini. Kisha akapanda nayo ghorofani. Ngazi zilinuka molasi. Nyuma ya mlango wa meneja palisikika viganja vikipapasa ukuta, na sauti ikiita watu, imeshakauka. Alishika kitasa. Mlango haukufungwa kwa ufunguo. Ulifunguka mara moja, mwanga wa korido ukajaa chumbani.

Meneja alikuwa amempa mgongo. Alikuwa ameelekea ukuta mtupu kando ya kabati, akiupapasa kutoka pembe hadi pembe, na kucha mbili hazikuwepo tena.

"Nani huyo?" alinong'ona bila kugeuka. "Mlango uko wapi?"

Bi Kofia aliibandika karatasi ukutani, mbele ya macho yake, akamshikisha kalamu.

"Saini kwanza," alisema.