Aliyeingia Bila Kuitwa

Jioni ile ya mwaka 2014, Venanti alifuata maziwa kijiji cha Murungu. Kibuyu kitupu alipewa na Bibi Ntirampeba, aliyemlea marehemu mkewe, Theodosia. Bibi alimtania kama kawaida: mume wangu, mwalimu wa historia, Roma unaijua, njia ya Murungu usiipotee.

Wakati wa kurudi, giza likiingia, alipita karibu na kijumba cha mizimu. Miaka miwili, tangu mazishi ya mkewe, alikuwa akikikwepa.

Cha... cha... cha...

Manyanga. Lakini si ya kibuyu. Ya shaba.

Chuo kikuu aliandika juu ya mahekalu ya Isisi, mungu wa kike wa Misri aliyeabudiwa hadi Roma: manyanga ya shaba, makuhani wa kitani, maziwa yaliyomiminwa chini. Katika hekalu moja hakuingia mtu ila aliyeitwa ndotoni. Mmoja aliingia bila kuitwa, akakuta wafu wamejaa. Akarudi kwao, akasimulia, akafa.

Theodosia alizisoma kurasa zile kitandani, homa ikimla. Siku tatu mfululizo aliota mwanamke akimwita kijumbani. Alimwomba mumewe ampeleke. Venanti alicheka, akasema msomi hampeleki mkewe kwenye mizimu. Msibani alimwambia Bibi kwamba marehemu hakuomba kitu.

Cha...

Ikaja harufu ya samli. Theodosia alijipaka samli nyweleni.

Akainama, akaingia.

Watu waliketi kwa safu, wamevaa nguo nyeupe, wameelekea ukutani. Mmoja akageuka.

"Hukuitwa," Theodosia alinong'ona.

"Nisamehe."

Theodosia alinyosha mkono. Alikichukua kibuyu, akamimina maziwa chini, polepole, hadi tone la mwisho.

"Mwambie Bibi nilikuomba."

Alipofika nyumbani, Bibi Ntirampeba alikuwa mlangoni. Alikitikisa kibuyu, akauliza kama mumewe amekunywa yote njiani. Kisha akanusa mdomo wa kibuyu; ulinukia samli. Tabasamu likatoweka.

"Umekutana na nani?"

Yule wa hekaluni alisimulia, akafa; yeye angeweza kusema amejikwaa. Bibi angecheka, wangekula, asubuhi angekwenda kufundisha.

Nyuma ya nyumba...

Cha... cha...

"Bibi," alisema, "Theodosia aliniomba nimpeleke kijumbani. Nilikudanganya."

Manyanga yakanyamaza.

Bibi alikaa chini kwenye mkeka, kibuyu mapajani. Kwa mara ya kwanza tangu amwoe Theodosia, alimwita kwa jina lake.

"Endelea, Venanti. Nani amekutuma uniambie leo?"