Maoni ya Mitaa Kumi na Miwili

Mtakwimu alikuwa amelala chali ofisini mwake, kando ya kabati la chuma, damu imeganda kisogoni. Daktari wa polisi alionyesha michubuko kwenye mikono yote miwili.

"Alishikwa, akasukumwa. Jana alasiri."

Inspekta, ambaye kituo kizima kilimwita Kobe, hakuwa na haraka na maiti wala walio hai. Alichukua karatasi mezani kwa marehemu. Lilikuwa jaribio la kai-mraba, hesabu ya kupima kama majibu mapya yanatofautiana na ya zamani. Miezi sita nyuma, wakazi wengi wa mitaa kumi na miwili walikubali kuhama kupisha barabara. Mwezi huu wameulizwa tena. Jibu la jaribio likiwa kubwa, maoni yamebadilika. Likiwa dogo, hayajabadilika. Hili lilikaribia sifuri, na lilizungushiwa wino mwekundu.

"Jibu dogo ni kosa?" alimuuliza mhazili wa marehemu, aliyekuwa akilia waziwazi.

"Alisema ni dogo kupita kiasi, afande. Kila mtaa umepishana na zamani kwa mtu mmoja tu. Binadamu hawako hivyo."

"Nani alikusanya majibu?"

"Mhojaji wetu. Peke yake."

Kobe alibeba fomu za mahojiano, akaizunguka mitaa hiyo kwa miguu. Matingatinga yalikuwa yameegeshwa tayari. Akarudi ofisini.

Mhojaji alikuwa mzee mpole, miaka ishirini kazini.

"Mtaa wa tatu, nyumba ya kwanza. Mlango una rangi gani?"

"Sikumbuki."

"Nyumba iliungua miezi mitatu iliyopita, mzee wangu. Wenyewe walihama. Fomu yako inasema uliwahoji wiki iliyopita."

Njia ya mwongo ni fupi. Mzee alijiinamia.

"Mke wangu amelazwa, afande. Hana mwingine wa kumlisha. Nikajaza fomu pale pale kitandani pake, nikanakili za zamani, nikigeuza jibu moja kila mtaa. Mtakwimu akagundua. Nikamsihi. Akasema watu watavunjiwa nyumba kwa uongo wangu, lazima aseme. Nikamshika asitoke, tukasukumana..." Alifuta uso. "Leo nani atamlisha?"

Kobe alimpigia simu mkuu wa mradi wa barabara, akamweleza kuwa fomu ni za uongo.

"Matokeo tulishayapokea juzi," mkuu alisema. "Kazi ya kubomoa imeanza saa hii. Niletee majibu yao ya kweli, nitasimamisha."

Kobe alimgeukia mzee, simu ingali sikioni. "Watu walisema nini hasa?"

"Sijui, afande. Hakuna aliyewauliza."