Bomba la Shaba la Karabatak

Tuncay alipofika kwenye idadi ya mabaharia, mtu alimsaidia kumalizia.

"Urefu, mita mia moja na kumi na tisa. Boila mbili. Mwendo, maili thelathini na mbili za bahari kwa saa. Mabaharia, mia moja na themanini..."

"Na mmoja," ikasema sauti ya kike.

Wageni aliokuwa akiwatembeza melini wakacheka. Tuncay akatazama nyuma: hapakuwa na mtu, ila bomba la shaba ambalo zamani nahodha alisemea ndani yake kuwaamrisha watu wa mitambo. Lilitoa harufu ya nywele zilizoungua.

Manowari Karabatak ilikuwa imestaafu na kufungwa gatini İzmit, Uturuki, watoto wa shule wapige picha. Tuncay, mwenye shahada ya uhandisi wa meli, hakupata kazi ya kuunda hata mtumbwi. Aliajiriwa kukariri vipimo vya mzee huyo wa chuma kama kasuku aliyevaa tai. Nchi ina akili sana.

Jana yake birika la chai lilikuwa likichemka, na tundu la kwenda ngama, chini kabisa ya meli, lilikuwa limeziba. Tuncay akamimina humo maji yote ya moto ili kulizibua.

"Sema destur kwanza!" Perihan, mama wa usafi, alipiga kelele. "Waombe ruhusa wenyewe, majini wa huko chini, wapishe!"

"Perihan Abla, dada yangu, mimi nimesoma fizikia. Wenyewe ni kutu."

"Na hiyo fizikia yako imekupa kazi gani, mwanangu? Kushika birika?"

Neno lile lilimchoma. Akamimina hadi tone la mwisho, na huko chini kitu kikalia kama kitoto.

Sasa wageni walikuwa wameondoka, jua la mchana likiwaka juu ya sitaha, na bado baridi ilimpanda Tuncay miguuni, ikapita magotini, ikamkaa tumboni, huku bomba likipumua, likinusa, likimkaribia sikio ingawa halikusogea hata inchi, mpaka ile sauti ikauliza taratibu, kama jirani mlangoni:

"Nani alimmwagia mwanangu?"

Angeweza kukimbia. Angeweza kunyamaza. Yule msomi alifungua mdomo akanong'ona: "Perihan."

Asubuhi Perihan alikuja na mkono uliotoka malengelenge hadi kiwiko. "Sikugusa moto, wallahi. Nimeamka hivi."

Tuncay akainama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Akaitwa Hoca Fikri, msomaji wa dua. Alisoma, akatega sikio bombani, akawageukia.

"Mama wa mtoto anasema alitajiwa jina. Kama jina hilo si la aliyemwaga, mwenyewe aseme sasa hapa, akitaja lake. Vinginevyo mkono huu utaoza."

Tuncay alihesabu misumari ya sakafu.

Perihan alimtazama, kisha akatabasamu kidogo, tabasamu lililomuumiza kuliko kofi. Akasogeza mdomo bombani.

"Ni mimi, mama mwenzangu. Nilisahau destur. Nisamehe."

Hoca akapuliza dua juu ya mkono. Malengelenge yakanywea papo hapo, harufu ikakatika. Mzee akakusanya tasbihi yake. "Amekusamehe wewe," akamwambia Perihan, bila kumtazama Tuncay. "Ila anasema anajua kutofautisha sauti hii na ile iliyomtajia jina."

Walipobaki wawili, Perihan akammiminia chai. "Kunywa, mhandisi. Ungefukuzwa, mama yako angekula nini?"

Hapo aibu ikampasua. Akaweka bilauri chini, akamshika mkono ule uliopona, ili amwambie yote, kwamba ni yeye aliyemtaja, kwamba alimwona akiumia na akanyamaza.

"Urefu," akasema, "mita mia moja na kumi na tisa."

"Eh! Acha mzaha."

Akatikisa kichwa, machozi yakimtiririka. Akajaribu neno *nisamehe*. "Boila mbili." Akajaribu jina la mama yake. "Maili thelathini na mbili." Perihan akasimama, akarudi nyuma, bilauri ikapinduka.

"Tuncay? Mwanangu, una nini?"

"Mabaharia," Tuncay akalia, "mia moja na themanini..."

Na bombani, kwa upole wa mama anayebembeleza, sauti ikamalizia:

"Na mmoja."